Ibnul Baytar, mtu aliyeitoa siri ya dawa ya mbalanga

Mwenye mbalanga hatangaziwi dawa. Akisikia iko Lamu, atapanda basi aende Lamu. Akiambiwa iko kwa mganga wa Bonde la Lambwe, kule Homa Bay karibu na Ziwa Viktoria, ataifuata huko huko. Maradhi yenyewe hayaumi wala hayauwi, lakini yanamla mtu moyo. Rangi ya ngozi inatoka, mabaka meupe yanaanza mikononi, mdomoni au kando ya macho, na watu wanaanza kumpa mkono kwa kusitasita. Wazee wetu wengine wanayaita barasi, neno tulilolipata kwa Waarabu, na mara nyingi watu wameyachanganya na ukoma, ingawa ni maradhi mawili mbali mbali.

Sisi tuliopita chuoni jina hilo si geni kwetu. Nabii Isa, amani iwe juu yake, ametajwa ndani ya Qur'ani kuwa aliwaponya wenye barasi kwa idhini ya Mwenyezi Mungu. Na katika ile hadithi ya watu watatu wa Bani Israil, mwenye barasi alipoulizwa anachokipenda kuliko vyote, hakutaja ufalme wala mali kwanza. Alitaja rangi nzuri na ngozi nzuri, kwa sababu watu walikuwa wakimchukia. Kwa hivyo uchungu huu ni wa zamani sana.

Leo nataka tumzungumzie mtu mmoja aliyefariki zaidi ya miaka 770 iliyopita, ambaye kalamu yake ndiyo iliyoitoa dawa ya maradhi haya kutoka katika siri ya ukoo mmoja na kuiweka mbele ya walimwengu. Huyu ni Ibnul Baytar. Vijana wetu wakiulizwa juu ya matabibu wa Kiislamu humtaja Ibn Sina, pengine na ar-Razi, kisha wananyamaza. Ibnul Baytar anastahili kutajwa pamoja nao, na kwa wauzaji wa mitishamba wa leo pengine ana somo kubwa kuliko wote wawili.

Jina lake ni Dhiyaud-Din Abu Muhammad Abdallah bin Ahmad. Alizaliwa karibu mwaka 1197 katika mji wa Malaga, au sehemu za karibu yake, pwani ya kusini ya Andalusia, nchi ambayo leo ni Hispania. Ibnul Baytar maana yake ni mwana wa tabibu wa wanyama, yaani daktari wa mifugo kama tunavyosema siku hizi. Ni jina la kazi, kama lilivyo jina la Seremala au Fundi kwetu.

Alizaliwa wakati mgumu. Andalusia ilikuwa chini ya watawala wa Muwahhidun, na mwaka 1212, alipokuwa kijana wa miaka 15 hivi, jeshi lao lilivunjwa na wafalme wa Kikristo katika vita vya al-Uqab. Tangu hapo miji ya Waislamu ikawa inaanguka mmoja baada ya mwingine. Lakini katika Seville elimu ilikuwa bado inasomeshwa, na huko ndiko kijana huyu alikompata mwalimu wake mkubwa, Abul Abbas an-Nabati.

Huyu an-Nabati alikuwa mtu wa aina yake. Alikuwa mwanachuoni wa hadithi, na papo hapo alikuwa bingwa wa mimea. Mtu wa hadithi kazi yake ni kuuliza: maneno haya umeyapokea kwa nani, naye aliyapokea kwa nani, na je, ni mkweli? Si ajabu basi kwamba hata katika mimea hakutosheka na yaliyoandikwa na watu wa kale. Alitaka kuuona mmea wenyewe, mahali unapoota, kwa macho yake. Alikuwa akitoka na wanafunzi wake kwenda mashambani na milimani kuzunguka Seville, wakikusanya majani, mizizi na mbegu. Ibnul Baytar alikuwa mmoja wao, na tabia hiyo ya kutoamini mpaka aone hakuiacha mpaka kufa.

Mnamo mwaka 1220 hivi, akiwa na umri wa miaka 20 na kitu, aliondoka Andalusia. Alivuka bahari akaingia Afrika Kaskazini, akafuata pwani kuelekea mashariki: Bijaya, ambayo leo iko Algeria, kisha Tunis, Tripoli na Barqa. Kutoka huko alifika mpaka nchi za Warumi, ambazo leo ni Uturuki. Kila alipofika aliwatafuta watu wanaoijua mimea ya pale. Aliwauliza jina la mmea, wanautumia kwa maradhi gani, wanachukua sehemu gani ya mmea, kiasi gani, na una madhara gani. Kisha aliandika.

Hapa ndipo panapoingia habari ya mbalanga. Miongoni mwa Waberberi wa upande wa Bijaya palikuwa na ukoo uliosifika kwa kutibu barasi. Watu walisafiri kutoka mbali kuwafuata. Dawa yao waliifanya siri kubwa. Baba alimrithisha mwana, na mtu wa nje hakuambiwa ni nini. Mwisho wake siri ilitoka, dawa ikajulikana, na Ibnul Baytar akaiandika katika kitabu chake, akiutaja na ukoo wenyewe uliokuwa nayo. Kitu hiki cha mwisho naomba msomaji akishike, kwani tutakirudia.

Dawa yenyewe ilikuwa mbegu ya mmea ambao Waberberi waliuita atrilali, yaani mguu wa ndege. Waarabu wengine wakauita mguu wa kunguru. Wataalamu wa leo wanauita Ammi majus. Ni jamii moja na karoti, giligilani na bizari, una maua meupe madogo madogo yaliyotanda kama mwavuli, na unaota wenyewe kando kando ya Bahari ya Kati na katika bonde la Mto Nile.

Namna ya kuitumia ndiyo inayoshangaza. Mbegu ilisagwa, mgonjwa akainywa pamoja na asali. Kisha alikaa juani, sehemu zenye mabaka zikiwa wazi, wakati jua ni kali. Baadaye yale mabaka meupe yalitoka malengelenge, yakapasuka, na yalipopona ngozi ikaanza kurudisha rangi yake. Bila jua dawa haikufanya kazi. Waberberi wale hawakuwa na maabara, lakini walikuwa wamekwisha kujua kwamba dawa hii ni vitu viwili: mbegu na jua.

Kutoka Magharibi Ibnul Baytar alifika Misri, nchi iliyokuwa ikitawaliwa na Sultani al-Kamil wa ukoo wa Ayyubi, mtoto wa ndugu yake Salahuddin. Sultani aliiona elimu yake akamfanya mkuu wa watu wote wa mitishamba wa Misri. Cheo hicho hakikuwa cha heshima tupu. Wauza dawa wa mjini walikuwa wengi, na wakati huo kama sasa hawakukosekana wanaouza majani ya kitu kimoja kwa jina la kitu kingine. Serikali ilihitaji mtu wa kuyatofautisha. Baadaye al-Kamil aliifikisha mamlaka yake mpaka Damascus, na Ibnul Baytar akapata njia ya kuisoma mimea ya Shamu, akizunguka nchi ile akikusanya kama alivyofanya ujanani.

Huko Damascus alikutana na kijana mmoja aliyekuja kuwa mwandishi maarufu wa maisha ya matabibu, Ibn Abi Usaybia. Tunayoyajua kuhusu tabia ya Ibnul Baytar mengi tumeyapata kwake. Alitembea naye nje ya mji wakitazama mimea, na akasoma kwake kitabu cha Dioscorides, yule Myunani aliyeandika juu ya dawa katika karne ya kwanza. Anatueleza kwamba mwalimu wake alikuwa mtu mwenye adabu, mkarimu na mpole. Anaeleza pia kwamba kumbukumbu yake ilikuwa ya ajabu: ukimtajia dawa, alikuambia jina lake la Kiyunani, Dioscorides amesemaje, Galen amesemaje, na habari hiyo iko sehemu gani ya kitabu. Mwanafunzi alikuwa akirudi nyumbani, anafungua kitabu, anakuta ni vile vile.

Sultani al-Kamil alipofariki mwaka 1238, Ibnul Baytar aliendelea na kazi chini ya mwanawe, as-Salih Ayyub. Ni katika utumishi huu alipotoa vitabu vyake viwili vikubwa. Kimoja, al-Mughni, kimepangwa kwa kufuata maradhi na viungo vya mwili, ili tabibu akitaka dawa ya macho au ya masikio aipate mahali pamoja. Cha pili, na ndicho mashuhuri zaidi, ni Jami, mkusanyiko wa dawa na vyakula. Ndani yake mna vitu takriban 1,400, vimepangwa kwa alifu na bee, na takriban 300 kati ya hivyo havikuwa vimeandikwa na waliomtangulia. Aliwataja waandishi wapatao 150, na kila neno alilolichukua kwa mtu alisema amelichukua kwa nani. Palipokuwa na kosa la mwandishi wa zamani, alilisahihisha.

Jambo jingine alilolifanya ni majina. Mmea mmoja aliuandika kwa Kiarabu, kwa Kiyunani, kwa Kiajemi, kwa Kiberberi, na kwa lugha ya Kilatini ya Andalusia. Asiyefanya biashara ya dawa anaweza kuona ni kazi ya bure, lakini majina yanaua. Kule Misri jina la khilla linatumika kwa mimea miwili ya jamii moja: mmoja ni huo wa mbalanga, mwingine unatumika tangu zamani kwa mawe ya figo. Mwenye maumivu ya figo akipewa mbegu ya mbalanga kisha akaenda shambani kulima juani, ataungua ngozi asijue ameungua kwa nini.

Ibnul Baytar alifariki Damascus mwaka 1248, sawa na mwaka 646 Hijria, akiwa na miaka 50 hivi. Mwaka huo huo Seville, mji alikosomea, uliingia mikononi mwa mfalme wa Castile. Mashamba aliyokuwa akiyazunguka na mwalimu wake yakawa ya wenyewe wengine. Kitabu kilibaki. Kilinakiliwa kwa mikono karne baada ya karne, kikatafsiriwa kwa Kijerumani na Kifaransa katika karne ya 19, na mwaka 1874 kikapigwa chapa Bulaq, Cairo.

Na Cairo ndiko hadithi ilikoendelea. Katika miaka ya 1940 daktari wa ngozi wa Kimisri, Abdel Monem El Mofty, aliichukua ile dawa ya zamani akaanza kuichunguza kwa njia za kisasa. Mwaka 1947 wakemia wawili wa Misri, Fahmy na Abu-Shady, walitangaza kwamba wameitenga chembechembe inayofanya kazi ndani ya mbegu ile. Leo inaitwa methoksaleni. El Mofty aliwatibu nayo wagonjwa wa mbalanga, kwa kumeza na kwa kupaka, kisha wakaoteshwa jua. Baadaye Wamarekani wakaichukua, na mwaka 1974 madaktari wa Boston wakaonyesha kwamba ikitumiwa pamoja na taa maalumu inatibu soriasisi pia. Hospitali za dunia nzima zikawa na taa hizo. Mzizi wa yote haya ni mbegu ya Waberberi na karatasi ya Ibnul Baytar.

Sayansi sasa inatueleza sababu. Katika mbalanga kinga ya mwili inageuka na kuzishambulia chembe zinazotengeneza rangi ya ngozi. Dawa ile ikiwa ndani ya ngozi inaamshwa na miale ya jua, na chembe za rangi zilizosalia kwenye mashina ya vinyweleo zinaanza kutambaa kurudi. Ndiyo maana rangi hurudi kwa vidoadoa, na ndiyo maana uso hupona upesi kuliko vidole, ambavyo havina vinyweleo vya kutosha. Maradhi haya hayaambukizi. Kula sahani moja na mwenye mbalanga, kulala naye, kuvaa nguo yake, hakukupi chochote. Kwa makadirio ya kawaida, katika kila watu 100 duniani mmoja hivi anayo.

Lakini dawa ile ile ina ubaya wake, na ukweli huu lazima usemwe. Ikizidi, au jua likizidi, inaunguza vibaya. Ikitumiwa miaka mingi inaongeza hatari ya saratani ya ngozi. Mgonjwa lazima ayakinge macho yake. Jua la Damascus ni kali, lakini sisi tuko jirani na mstari wa ikweta, Mombasa na Lambwe zote mbili. Atakayesikia habari hizi akaagiza mbegu na kujipaka mwenyewe nyumbani, amejitafutia malengelenge. Hospitalini siku hizi wanatumia zaidi taa za aina nyingine zilizo salama kuliko hiyo, na mwaka 2022 Marekani iliidhinisha marhamu mpya ya mbalanga ambayo bei yake kwa mtu wa kawaida wa huku haishikiki.

Basi kwa kuwa marhamu ya wakubwa haishikiki, watu wetu watabaki na kichupa cha sokoni. Hapo ndipo maisha ya Ibnul Baytar yanapotuhusu. Kichupa hicho hakina jina la mmea, hakina kipimo, hakina onyo. Muuzaji ukimuuliza kilichomo, anajibu ni siri ya babu. Huenda ni mti wa kweli wenye faida. Huenda pia ni krimu ya dukani yenye steroidi au zebaki, iliyochanganywa na majani ya kijani ili ifanane na dawa. Anayejipaka hana njia ya kujua, na daktari atakayempokea akiwa ameungua naye hana njia ya kujua.

Siwalaumu waganga peke yao. Wanaficha kwa sababu wameona watu wakija na madaftari, wakichukua majani na kuondoka, na mwenye elimu asipate hata shukrani. Hofu hiyo ina haki yake. Ndiyo nikasema tushike lile la Ibnul Baytar kuutaja ukoo wenye dawa. Aliitoa siri, lakini hakujifanya ameivumbua yeye. Kenya tangu mwaka 2016 tuna sheria ya kulinda maarifa ya jadi, inayowapa wenye maarifa haki ya kuulizwa kwanza na kupata sehemu ya faida. Ni wangapi kati ya waganga wa Kwale, Kilifi au Tana River wamewahi kuelezwa kuwa sheria hiyo ipo?

Na mfano wa hapa nyumbani upo. Profesa John Kokwaro wa Chuo Kikuu cha Nairobi alitoa mwaka 1972 kamusi ya majina ya mimea kwa Kijaluo, na mwaka 1976 kitabu kikubwa cha mimea ya dawa ya Afrika Mashariki, mmea kwa mmea, na matumizi yake. Kwa hivyo mganga wa Lambwe akilitaja jina la mti kwa Kijaluo, mtafiti anaweza kuujua ni mti gani. Lambwe yenyewe ina bahati ya ajabu: mbung'o na maradhi ya malale viliwafukuza watu, pori likasalia, na leo ni Hifadhi ya Taifa ya Ruma. Sisi Pwani tuna misitu ya makaya ya Wamijikenda, iliyowekwa na UNESCO katika urithi wa dunia mwaka 2008. Miti tunayo. Wazee wanaoijua miti hiyo ndio wanaopungua, na kila jeneza tunalolisindikiza linakwenda na majina ambayo hayajaandikwa popote.

Wahenga walisema mficha uchi hazai. Mgonjwa anayeficha baka lake mpaka limeenea amejicheleweshea tiba, kwa sababu mbalanga ikiwahiwa hutibika vizuri zaidi. Baka lolote jeupe au lililofifia lipelekwe kituo cha afya, hasa likiwa limekufa ganzi, kwani hilo huenda ni ukoma, nao una dawa inayoponya na inatolewa bure. Na mwenye mzee anayejua dawa, amwombe idhini, amkalishe, aandike: jina la mti kwa Kigiriama, Kipokomo, Kibajuni au Kidigo, mahali unapoota, sehemu inayotumika, kipimo chake na madhara yake. Jina la mzee liandikwe juu kabisa ya karatasi, kisha karatasi hiyo ipelekwe kwa wataalamu waipime dawa kabla haijapakwa kwenye ngozi ya mtu mwingine.